Duka la dola moja linauza nini hasa?

Juni 2025 maduka ya Poundland ya Uingereza, yapata 800, yaliyojijengea jina kwa kuuza kila kitu pauni moja, yaliuzwa kwa pauni moja. Si pauni moja kwa kila duka, ni pauni moja kwa yote. Mnunuzi ni kampuni ya Gordon Brothers ya Marekani, na alichonunua ni pamoja na mzigo wa hasara. Tangu duka la kwanza lifunguliwe Burton-upon-Trent mwaka 1990, sidhani kama kuna kitu kilichouzwa kwa kulifuata jina la kampuni barabara kama hiki.

Marekani nako si shwari. Aprili 2024 kampuni ya 99 Cents Only ilitangaza kuyafunga maduka yake yote 371. Family Dollar, ambayo Dollar Tree iliinunua mwaka 2015 kwa zaidi ya dola bilioni 8, iliuzwa mwaka 2025 kwa takriban bilioni moja. Dollar Tree yenyewe ilipandisha bei yake ya msingi hadi dola 1.25 mwishoni mwa 2021, na tangu hapo imeongeza bidhaa za dola tatu, tano, hadi saba. Lakini ukitaka kusema biashara hii inakufa, Dollar General inakukatalia. Mwaka 2024 ilifungua duka lake la 20,000 mjini Alice, Texas. Ni maduka mengi kuliko ya McDonald's nchini humo.

Kwa hiyo wateja wapo, tena wengi. Wanachouliza, hasa tangu mfumuko wa bei wa Marekani ufike asilimia 9.1 Juni 2022, ni kama maduka haya bado ni rahisi. Naliona swali hilo limekaa upande. Bei ya chini haishuki kutoka mbinguni, lazima kuna aliyeilipia. Huenda ni mwenye duka aliyeacha mbwembwe. Huenda ni kiwanda kilichobakiwa na mzigo. Huenda ni mfanyakazi anayebeba kazi ya watu watatu. Na mara nyingi kuliko tunavyodhani ni mnunuzi mwenyewe, aliyetoa kidogo akapewa kidogo zaidi. Kabla ya kusema duka ni nafuu, nataka kujua nafuu hiyo imechotwa wapi.

Mwanzilishi wa 99 Cents Only, Dave Gold, alikuwa na duka la pombe Los Angeles kabla ya kuanzisha kampuni hiyo mwaka 1982. Alisimulia kwamba alikuwa na mvinyo wa bei mbalimbali, mwingine senti 79, mwingine 89, mwingine zaidi ya dola. Alipouweka wote kwenye senti 99, uliuzika zaidi, hata ule uliokuwa wa 79 na 89. Yaani wateja walipandishiwa bei na wakaona wamepata. Machinga wa Kariakoo anayepaza sauti "kila kitu buku!" analijua hilo bila kuingia darasa la uchumi. Bei moja humpumzisha mtu kufikiri, na kwenye meza hiyo kuna vitu vya mia sita vinavyouzwa vizuri sana.

Sasa weka hilo kwenye kampuni ya mabilioni. Dollar Tree ilianza Virginia mwaka 1986 ikiitwa Only $1.00, na ikaishikilia dola hiyo kwa miaka 35. Katika kipindi hicho mfumuko wa bei uliifanya dola ya 1986 kuwa sawa na takriban dola mbili na nusu za 2021. Bei haikusogea, basi ni kitu kingine kilichosogea. Sehemu kubwa ya jibu ni China: viwanda vyake, na kuingia kwake kwenye Shirika la Biashara Duniani Desemba 2001, vilishusha gharama ya vyombo, vinyago na mapambo kiasi kwamba dola moja iliweza kumlisha kila mtu kwenye mnyororo. Huo ni unafuu wa kweli, na mteja aliupata. Sehemu nyingine ya jibu imo ndani ya pakiti.

Chukua maziwa. Galoni ya Marekani ina aunsi 128. Duka la dola liliuza pakiti ya aunsi 16 kwa dola moja. Pakiti nane ndizo galoni, kwa hiyo galoni ilimtoka mtu dola nane, wakati supamaketi ya kawaida ilikuwa ikiiuza galoni nzima kwa dola tatu hivi au nne. Hakuna aliyedanganywa. Ujazo umeandikwa pale chini, kwa herufi za kuhitaji miwani (na miwani ya kusomea, kwa haki yake, ni moja ya vitu vinavyofaa kununuliwa humo humo).

Sabuni ya vyombo inafundisha zaidi. Chupa ina nembo ile ile uliyoizoea, rangi ile ile, na kwa mbele urefu unaokaribiana na wa ile kubwa. Igeuze: kitako kimebonyea kwenda ndani. Itazame kwa ubavu: imekuwa bapa. Watengenezaji wakubwa huandaa vipimo maalumu kwa ajili ya maduka ya namna hii, ili bidhaa ifike kwenye bei inayotakiwa bila wao kupoteza faida. Bei inapangwa kwanza, halafu ujazo unakatwa kuifuata. Mteja anayelinganisha dola 1.25 ya hapa na dola 3 ya kule analinganisha vitu viwili tofauti, na duka halina haraka ya kumwambia.

Msomaji wa Mbagala au Kawangware hapa hana jipya la kujifunza. Mafuta ya kupima, sukari robo, sabuni kipande, sigara moja moja, dawa ya meno ya pakiti ya kuchana. Wakenya wameupa uchumi huo jina la kadogo. Mama anayenunua mafuta ya mia tano anajua vizuri kwamba lita nzima ingekuwa nafuu. Hana hela ya lita leo. Wataalamu wanaoandika kwamba maskini "hawana elimu ya fedha" wangejaribu kwanza kupanga matumizi ya wiki kwa elfu kumi, halafu tuzungumze.

Kuna utafiti mzuri juu ya jambo hili, wa Yesim Orhun wa Chuo Kikuu cha Michigan na mwenzake Mike Palazzolo. Walifuatilia kwa miaka saba manunuzi ya karatasi za chooni ya familia zaidi ya 100,000 za Marekani. Walichagua karatasi za chooni kwa sababu haziozi, na mtu hazitumii zaidi eti kwa kuwa amenunua nyingi. Waliona kwamba familia za kipato cha chini hununua pakiti kubwa mara chache zaidi, na hazivizii punguzo la bei kama wenye nazo, kwa sababu punguzo likija huenda mfukoni hamna kitu, na kuvizia kunataka uwe na akiba ya kukufikisha. Mwanzoni mwa mwezi, hela ikiwa imeingia, pengo lilipungua. Tatizo halikuwa akili ya mnunuzi bali tarehe.

Duka la dola linaishi kwenye pengo hilo. Mtu mwenye dola kumi hadi Ijumaa anaweza kutoka humo na vitu saba, akafikisha wiki. Kwenye supamaketi angetoka na vitatu, vikubwa, vya bei nzuri kwa kilo, na nyumbani bado hamna sabuni. Kwa wiki hiyo duka la dola limemwokoa. Kwa mwaka mzima limemkamua. Yote mawili ni kweli, na anayesema moja tu anauza kitu.

Ila nisimchanganye mangi, yule mwenye duka la mtaani, na Dollar General. Mangi anakukatia robo mbele ya macho yako, unaiona mizani, na akikupunja kesho unahamia duka la jirani na mtaa mzima unajua. Pia ana daftari. Mwisho wa mwezi ukikauka anaandika, unalipa mshahara ukitoka, bila riba, ingawa maneno utayasikia. Bei yake ya juu kwa kilo imebeba mkopo, imebeba ukaribu, imebeba saa nne za usiku unapogundua chumvi imeisha. Duka la dola limechukua vipimo vidogo vya mangi na kumwachia mangi daftari lake.

Na vijijini? Dollar General yenyewe husema karibu asilimia 80 ya maduka yake yako kwenye miji ya watu 20,000 au pungufu. Kama supamaketi ya karibu iko mwendo wa nusu saa kwa gari, yale maziwa ya bei mbaya yanaanza kueleweka ukijumlisha petroli na muda. Kwa bibi asiye na gari hakuna hata cha kujumlisha. Hoja hiyo naikubali. Lakini hoja hiyo ina mkia: duka la namna hii likiingia kwenye mji mdogo, huchukua mauzo ya bidhaa kavu yaliyokuwa yakilibeba duka la vyakula, na wakati mwingine duka hilo hufunga likaondoka na mboga na nyama zake. Ndiyo sababu mwaka 2018 baraza la jiji la Tulsa, Oklahoma, likisukumwa na diwani Vanessa Hall-Harper, liliweka masharti ya umbali kati ya duka moja la aina hii na jingine kaskazini mwa jiji.

Tuje kwenye kisima kingine ambacho mteja hakioni: wafanyakazi. Ingia duka la dola mchana wa siku ya kazi. Mara nyingi utakuta watu wawili, pengine mmoja. Huyo ndiye keshia, mpanga rafu, mpokea mzigo, mfagiaji na mlinzi. Maboksi yako kwenye vijia kwa sababu hayajapata mtu wa kuyafungua. Julai 2024 Dollar General ilikubaliana na Wizara ya Kazi ya Marekani kulipa dola milioni 12 baada ya miaka ya ukaguzi uliokuta milango ya dharura imezibwa na mizigo.

Utasema hayo ni ya wafanyakazi, mnunuzi yanamhusu nini? Yanamhusu kwa keshia. Bei kwenye kompyuta hubadilishwa makao makuu kwa kubonyeza kitufe. Bei kwenye rafu hubadilishwa kwa mkono, kibandiko kimoja kimoja, na mtu ambaye foleni inamngoja. Mfumuko wa bei ulipokuja na bei zikawa zinapanda kila mara, vibandiko vikaachwa nyuma. Rafu inasema hivi, skana inasema vingine, na unacholipa ni cha skana. Mwaka 2022 mwanasheria mkuu wa Ohio, Dave Yost, aliishtaki Dollar General kwa hilo. Jimbo hilo linavumilia makosa yasiyozidi asilimia 2; ukaguzi wa maduka 20 katika Kaunti ya Butler ulikuta kati ya asilimia 16.7 na 88.2. Mwaka uliofuata kampuni ilikubali kulipa dola milioni 1, nyingi zikaenda kwenye mashirika ya kugawa chakula.

Mtu anayenunua vitu kumi vya dola moja na ushei hakagui risiti, maana anaamini hapa hakuna cha kuibiwa.

Kuna mabaya zaidi ya senti. Oktoba 2023 vipakiti vya sosi ya tufaha vya WanaBana, vinavyopendwa na watoto, viliondolewa sokoni kwa kuwa na madini ya risasi. Kwenye baadhi ya rafu za Dollar Tree vilikuwa bado vinapatikana Desemba, na Juni 2024 mamlaka ya chakula na dawa, FDA, iliiandikia kampuni barua ya onyo. Kabla ya hapo, ghala la Family Dollar huko West Memphis, Arkansas, lilikutwa limejaa panya, na maduka zaidi ya 400 yaliyolishwa na ghala hilo yakafungwa kwa muda. Februari 2024 kampuni ilikiri kosa na kutozwa dola milioni 41.675, adhabu kubwa kuliko zote za jinai katika usalama wa chakula nchini humo. Kuondoa pakiti mbovu kwenye rafu na kumfukuza panya ghalani ni kazi ya mikono, na mikono ndiyo iliyopunguzwa ili bei ibaki chini.

Je, hakuna bei ya chini iliyo safi? Ipo, na mifano yake inachosha kwa jinsi isivyo na maajabu. Aldi ilitokana na duka dogo la familia ya Albrecht huko Essen, Ujerumani, lililokuja kuendeshwa na ndugu wawili, Karl na Theo. Toroli unalifungua kwa sarafu na kulirudisha mwenyewe, kwa hiyo hakuna mtu wa kuyakusanya. Bidhaa ziko ndani ya boksi zilizosafiria, zimekatwa tu mbele. Aina ni 2,000 hivi badala ya makumi ya maelfu, kwa hiyo kila moja inanunuliwa kwa wingi wa kutisha. Nyingi ni za nembo ya duka lenyewe, bila tangazo la televisheni ndani ya bei. Msimbopau umechapwa pande kadhaa za pakiti ili keshia asipoteze sekunde kuutafuta, na keshia huyo anakaa kwenye kiti. Kila kilichookolewa hapo kimetoka kwenye uendeshaji, hakikutoka kwenye ujazo wa pakiti. Septemba 2022 Aldi iliipita Morrisons na kuwa supamaketi ya nne kwa ukubwa Uingereza. Hao hao Waingereza waliokuwa wakiikimbia Poundland hawakuacha kutafuta nafuu, walihamisha miguu tu.

Nairobi iliuona mfano wake wa haraka mwanzoni mwa 2023, China Square ilipofunguliwa Unicity Mall, kwenye ardhi ya Chuo Kikuu cha Kenyatta. Foleni zilikuwa ndefu, na ghafla mteja akaona bei ambazo wauzaji wa Nyamakima, Gikomba na Kamukunji hawakuweza kuzikaribia. Wafanyabiashara waliandamana Februari 28, na waziri wa biashara wa wakati huo, Moses Kuria, akasema Wachina wanakaribishwa kama wenye viwanda, si kama wachuuzi. Duka lilifungwa kwa muda, likafunguliwa tena. Lawama nyingi zilielekezwa kwa ubora wa bidhaa, lakini bidhaa zile na za Kamukunji zilitoka nchi ile ile. Kilichopungua ni idadi ya mikono kati ya kiwanda na mteja, na kila mkono ulioondolewa ulikuwa na familia inayoutegemea. Kwa mnunuzi nafuu ilikuwa halisi. Kama ilikuwa nzuri kwa nchi ni hesabu nyingine, na siidharau.

Kwa hiyo nikirudi kwenye duka la dola, siwezi kusema lina hasara kote. Kadi za pongezi, mifuko ya zawadi, maputo ya sherehe ya mtoto, fremu za picha, glasi, sahani, makopo ya plastiki: huko bado linashinda, kwa sababu vitu hivyo kwingine vinauzwa kwa faida ya ajabu na hapa havina ujazo wa kupunguza. Sahani ni sahani. Betri za bei chee ziache, nyingi ni zile za kaboni na zinki zinazokufa mapema. Chaja ya simu pia. Chakula na sabuni, hesabu kwanza.

Kibaya ni kwamba rafu hizo nzuri ndizo zilizopigwa na ushuru. Glasi na maputo vinatoka China, na Aprili 2025 serikali ya Donald Trump iliupandisha ushuru mpya kwa bidhaa za nchi hiyo hadi asilimia 145 kabla ya kuushusha hadi 30 mwezi uliofuata. Muuza vitambaa vya bei kubwa anaweza kuumeza ushuru wa namna hiyo. Muuza glasi ya dola 1.25 ana senti chache tu za kuchezea. Hivyo penye nafuu ya kweli bei inapanda, na pa vipimo vidogo panabaki palepale, na kwa maoni yangu jibu la swali la wanunuzi limo hapo: nafuu ipo, ni ndogo kuliko miaka kumi iliyopita, na imehama kutoka kwenye vitu ambavyo maskini hununua zaidi.

Dawa ya sehemu ya tatizo ni ya bei ndogo mno. Tangu agizo la mwaka 1998, nchi za Umoja wa Ulaya zinataka rafu ioneshe bei kwa kilo au kwa lita pamoja na bei ya pakiti. Marekani haina sheria ya taifa zima kuhusu hilo. Majimbo kama Massachusetts na New York yana yake, mengine yanamwachia mteja na kikokotoo cha simu. Kwetu, Wakala wa Vipimo Tanzania imezoea kukimbizana na rumbesa, yaani magunia yaliyojazwa kupita kipimo, na mizani iliyochezewa, kazi ya maana kabisa, lakini supamaketi za Dar es Salaam na Nairobi zimejaa pakiti za gramu zisizolingana, na macho yanaona bei tu. Kibandiko cha bei kwa kilo kingekuwa hatua inayofuata. Wenye maduka watalalamika juu ya gharama. Uzito wa kila pakiti umeshaandikwa juu yake na bei yake imo kwenye kompyuta zao. Kugawanya moja kwa nyingine hakuhitaji mtaalamu.